Kupima iodini ya mkojo na homoni za tezi thairoidi kwa spektrometa ya masi: mwongozo kwa labo za Lubumbashi

Mafundi wa labo za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanajua kuwasha plazma ya agoni. Shaba na kobalti zimewafundisha. Ujuzi huo unatosha kupima iodini ya mkojo, kipimo kinachoonyesha kama watu wa mtaa au kijiji fulani wanapata iodini ya kutosha kwa tezi thairoidi zao, ile tezi ya shingoni. Kinachopaswa kubadilika ni desturi moja, nayo ndiyo ngumu kuiacha: asidi ya nitriki. Metali huhitaji asidi ili zibaki zimeyeyuka. Iodini ikikutana na asidi hugeuka mvuke, hunata kwenye mirija na kuharibu majibu ya siku nzima. Kwa hiyo kazi yote inayofuata hufanyika katika alkali, tangu kiwango cha kwanza (kimiminika chenye iodini ya kiasi kinachojulikana) hadi tone la mwisho la kusafishia.

Kipimo gani kinajibu swali gani

Mtu akija hospitalini na uvimbe wa shingo, au amechoka na kunenepa bila sababu, usimpime iodini ya mkojo. Anahitaji TSH, homoni inayoiamrisha tezi, na TSH hupimwa kwa mashine za kawaida za kingamwili. Ni protini kubwa iliyo kwa kiasi kidogo mno katika damu, na spektrometa ya masi (mashine inayotambua vitu kwa uzito wa chembe zake) haina nafasi katika kuipima kila siku. Iodini ya mkojo hupanda na kushuka ndani ya mtu yuleyule kati ya asubuhi na jioni, kulingana na alichokula na maji aliyokunywa. Ili kumwelewa mtu mmoja unahitaji sampuli zake 10 au zaidi za siku tofauti. Kwa kundi la watu, sampuli moja kwa kila mtu inatosha: takriban watu 125 ukitaka usahihi wa asilimia 10, takriban 500 ukitaka asilimia 5.

Spektrometa ya masi ina kazi tatu kwenye tezi hii. Ya kwanza ni iodini, kwa ICP-MS, ambayo hupasua sampuli katika plazma ya agoni na kupima uzito wa atomi zake. Ya pili ni homoni za tezi T4, T3 na T3 geu (namba ni idadi ya iodini; ile geu ina iodini tatu zilizokaa pengine), kwa LC-MS/MS, yaani kolamu ya kutenganisha ikifuatwa na spektrometa ya masi ya hatua mbili. Ya tatu ni thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi, kwa wagonjwa wa saratani walioondolewa tezi na ambao damu yao ina kingamwili zinazovuruga vipimo vya kawaida. Tutakaa zaidi kwenye ya kwanza, maana ndiyo inayowezekana mapema zaidi katika mji huu na ndiyo inayogusa watu wengi.

Sababu za kuipima zipo karibu. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kiliingia katika historia ya sayansi kwa rovu zake (uvimbe wa tezi shingoni), zilizochunguzwa tangu miaka ya 1960 na watafiti wa kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu. Udongo wenye iodini kidogo ulikuwa nusu ya maelezo. Nusu nyingine ilikuwa mihogo: ile isiyolowekwa vizuri huacha sianidi, mwili huigeuza kuwa thaiosianati, na thaiosianati hugombania mlango uleule ambao iodini huingilia kwenye tezi. Anayekula bukari (ugali) ya mihogo kila siku anahitaji iodini zaidi kuliko jirani yake anayekula ya mahindi. Upande wa Katanga kuna kobalti pia. Zamani, wagonjwa wa upungufu wa damu waliotibiwa kwa chumvi za kobalti walipata rovu, kwa kuwa kobalti kwa dozi kubwa huzuia tezi kuchukua iodini. Kwa hiyo katika mitaa iliyo karibu na migodi, chukua tyubu mbili za mkojo kwa kila mtu: moja ya iodini, nyingine ya metali. Usijaribu kupima vyote viwili katika kimiminika kimoja cha alkali, maana metali nyingi huganda humo na kuzama.

Kuhakikisha mashine ndiyo yenyewe

Labo nyingi za migodi zina ICP-OES, ile inayosoma mwanga. Haifai hapa. Mstari bora wa iodini uko karibu na nanomita 178, eneo ambalo hewa humeza mwanga, na hata ukifika huko usikivu hautoshi kwa mkojo wenye mikrogramu 50 kwa lita. Unahitaji ICP-MS. Tenga pia nebulaiza (kinachogeuza kimiminika kuwa ukungu), chumba cha mnyunyizo na mirija kwa ajili ya iodini peke yake. Vifaa vilivyopitisha asidi na mawe yaliyosagwa kwa miezi kadhaa vitakusumbua, na ukivirudisha kwenye asidi baada ya iodini vitasumbua wenzako wa upande wa madini.

Piga hesabu ya agoni kabla ya kuanza. Plazma hutumia karibu lita 18 kwa dakika. Mtungi wa mita za ujazo 10 ni lita 10,000, yaani takriban saa tisa. Sampuli moja pamoja na kusafisha ni dakika nne, basi sampuli 60 na viwango vyake na vidhibiti vyake (sampuli za kukagua usahihi) huchukua saa tano hadi sita, ukiongeza nusu saa ya kupasha moto. Mtungi mmoja, siku moja. Usianze kundi jipya ukiwa na nusu mtungi kwa matumaini kwamba mzigo uliokwama mpakani Kasumbalesa utafika kesho. Umeme nao: betri za akiba zibebe angalau pampu za ombwe mpaka jenereta ishike. Ombwe likipotea, hesabu usiku mzima kabla ya kupima tena.

Kuchukua mkojo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kabla sampuli haijaiona mashine. Tumia tyubu za polipropilini zenye kifuniko cha kuzungusha, na ujaze mililita 5 hadi 10. Usiongeze asidi wala dawa ya kuhifadhi. Iodini hutulia vizuri katika mkojo mradi kifuniko kimekaza. Maji yakivukizwa, kiasi kinachosomeka hupanda bure. Kwenye friji hukaa kwa majuma mengi, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hukaa zaidi. Safari ya siku mbili kutoka kijijini bila barafu haitaiharibu.

Adui ni uchafuzi. Dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda (povidoni-iodini) ina iodini mara maelfu ya ile ya mkojo, hivyo aliyeigusa asubuhi asiguse tyubu zako. Usikusanye katika chumba cha kufunga vidonda. Uliza kila mtu kama amepigwa skana kwa dawa ya kung'arisha mishipa katika miezi ya karibuni, kama anameza amiodaroni ya moyo, au kama anatumia vidonge vya iodini vya kusafishia maji; waandike pembeni. Halafu jambo ambalo wauguzi wengi hawalijui: vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo vina iodidi ya potasiamu katika rangi yake. Ukichovya kijiti ndani ya tyubu, umekwisha kuichafua. Mkojo wa kijiti umiminwe kwanza kwenye kikombe kingine.

Vimiminika

Kimiminika cha kuzimulia, kwa lita moja:

1. Maji yaliyosafishwa ya megaom 18, karibu mililita 900, kwenye chupa ya plastiki.
2. Mililita 20 za TMAH ya asilimia 25 (haidroksidi ya tetramethilamoni), ambayo inakupa asilimia 0.5.
3. Mililita 1 ya Triton X-100 (sabuni ya labo) iliyozimuliwa hadi asilimia 10, ili tone lilowanishe mirija.
4. Mililita 1 ya teluri ya miligramu 10 kwa lita, ambayo inakupa mikrogramu 10 kwa lita. Iweke baada ya TMAH, kwa sababu teluri huuzwa ikiwa ndani ya asidi.
5. Jazia maji hadi lita moja.

TMAH ni sumu hatari. Ikimwagika kwenye ngozi kwa wingi inaweza kuua, kwa kuwa hupenya na kulemaza misuli ya kupumua. Vaa glavu nene, miwani na aproni, fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, na ikikugusa osha kwa maji mengi dakika 15 papo hapo, kisha nenda hospitali hata kama huhisi maumivu.

Kwa nini teluri iwe kiwango cha ndani (elementi inayowekwa kwa kiasi kilekile katika kila tyubu ili kulinganishia) na si metali ya rodi (Rh) iliyopo kila labo? Iodini ni ngumu kuionisha: inahitaji voti-elektroni 10.45, na katika plazma ni chini ya theluthi yake inayopata chaji. Kaboni ya mkojo huongeza uionishaji wa elementi ngumu kama hizi, lakini haigusi rodi (7.46). Teluri (9.01) huyumba pamoja na iodini, hivyo uwiano wao hubaki mahali pake. Kaboni ya TMAH nayo husawazisha tofauti kati ya mkojo mzito na mwepesi, na ndiyo maana tunaipendelea kuliko amonia. Soma teluri kwenye masi 125. Kwenye 128 na 130 kuna zenoni kidogo inayokuja na agoni.

Viwango

Kausha iodidi ya potasiamu kwenye nyuzi 105 kwa saa mbili. Pima gramu 0.1308, yeyusha katika mililita 100 za maji yenye TMAH kidogo: hiyo ni miligramu 1,000 za iodini kwa lita. Ukiwa na iodati ya potasiamu, uzito ni gramu 0.1686. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji. Chukua mililita 1 kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100 upate miligramu 10 kwa lita, na kutoka hiyo tengeneza viwango vya kazi, kila kimoja katika mililita 100: mililita 0.1 inatoa mikrogramu 10 kwa lita, 0.25 inatoa 25; 0.5 inatoa 50. 1 inatoa 100. 2 inatoa 200. 4 inatoa 400. 8 inatoa 800. Vyote viwe ndani ya TMAH ya asilimia 0.5.

Tengeneza kiwango kimoja cha iodidi na kimoja cha iodati, vyote vya 100, uvisome bega kwa bega. Katika alkali vitalingana. Kama iodidi inasoma juu ya iodati, kuna asidi mahali fulani kwenye mfumo wako. Ni jaribio la dakika kumi linalokuonyesha kosa ambalo vinginevyo ungelitafuta wiki nzima.

Siku ya kupima

Toa sampuli kwenye friza, ziache zifike joto la chumba, zitikise vizuri. Chumvi zilizozama zinaweza kubeba sehemu ya kilichomo. Kwa kila tyubu: mililita 0.25 za mkojo na mililita 4.75 za kimiminika cha kuzimulia. Fanya vivyo hivyo kwa viwango, vidhibiti na sampuli tupu (isiyo na mkojo wala iodini), ili hesabu isihitaji kuzidisha chochote mwishoni.

Washa plazma, iache itulie dakika 30. Rekebisha mashine kama kawaida, oksidi ya seri (alama ya kama plazma imerekebishwa vizuri) iwe chini ya asilimia 2. Kimiminika cha kurekebishia huwa na asidi, basi baada yake pitisha TMAH ya asilimia 0.5 kwa dakika 15 kamili kabla ya kugusa iodini. Soma masi 127, ile ya iodini, marudio matatu. Kati ya sampuli safisha kwa TMAH sekunde 60 hadi 90.

Kabla ya sampuli za watu, soma kiwango cha 800, kisha sampuli tupu tatu mfululizo. Ya kwanza inaweza kuonyesha mabaki. Ya pili iwe chini ya mikrogramu 5. Ikikataa kushuka, badilisha mirija ya pampu, kwa sababu plastiki iliyozeeka hunywa iodini na kuitoa polepole. Baada ya hapo: viwango, sampuli tupu, vidhibiti viwili (karibu 60 na 250), sampuli kumi, kidhibiti kimoja, sampuli tupu, sampuli kumi, na kuendelea. Vidhibiti unaweza kuvitengeneza kwa mkojo uliochanganywa kutoka kwa wafanyakazi, ukagawanywa na kugandishwa. Lakini angalau mara moja uvilinganishe na mkojo uliothibitishwa, kama SRM 3668 ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Mpango wa EQUIP wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, uliundwa kwa ajili ya labo za iodini ya mkojo: hutuma sampuli zisizojulikana na kukuambia umekosea kwa kiasi gani. Labo inayotaka namba zake ziaminiwe na wizara iombe kujiunga.

Kataa kundi zima kidhibiti kikitoka nje ya asilimia 10. Viwango vikisomwa upya kwenye mstari uliochorwa kwavyo navyo viwe ndani ya asilimia 10, isipokuwa kile cha chini kabisa, ambacho asilimia 20 inavumilika. Ongeza mikrogramu 100 kwa lita kwenye mikojo mitatu tofauti. Nyongeza hiyo isomeke kati ya 90 na 110.

Mambo yanapokwenda vibaya

Teluri ikishuka taratibu tangu asubuhi hadi jioni, koni (vitundu vya metali ambavyo plazma huingilia mashine) zinaziba kwa chumvi. Ikishuka chini ya asilimia 70 ya ilipoanzia, simamisha, safisha koni, pima upya tangu kidhibiti cha mwisho kilichokuwa sawa. Ikishuka kwenye tyubu moja tu, ama mkono ulikosea pipeti, ama mkojo ni mzito mno; zimua upya mara mbili zaidi.

Sampuli tupu ikipanda kidogo kidogo mchana kutwa ni mabaki, na tiba ni kusafisha kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa juu tangu mwanzo, chafu ni maji au TMAH. Jaribu chupa nyingine kabla ya kulaumu mashine. Ikiruka ghafla, tafuta sampuli iliyotangulia: mara nyingi ni mtu aliyepigwa dawa ya skana, mwenye maelfu ya mikrogramu. Sampuli zilizofuata baada yake zote zirudiwe.

Katika mji wa migodi ni haki kuuliza kama metali zinaweza kujifanya iodini. Kadimiamu 111 ikishikana na oksijeni inafika masi 127, na molibdeni 95 ikishika oksijeni mbili inafika palepale. Jibu kwa jaribio: tia mikrogramu 50 kwa lita za kila moja katika sampuli tupu isiyo na iodini, uone mashine inasema nini. Mashine iliyorekebishwa vizuri huonyesha karibu sifuri. Andika matokeo hayo kwenye daftari la labo, maana mkaguzi wa kwanza atayauliza.

Kutoa majibu

Usitoe wastani, watu wachache waliokula dawa yenye iodini wataupandisha juu. Toa mediani, yaani namba ya katikati majibu yakipangwa kutoka dogo hadi kubwa. Kwa watoto wa shule na watu wazima wasio wajawazito, vigezo vya WHO ni hivi: mediani chini ya mikrogramu 20 kwa lita ni upungufu mkali, 20 hadi 49 wa kati, 50 hadi 99 mdogo, 100 hadi 199 inatosha, 200 hadi 299 imepita mahitaji, na 300 kwenda juu ni nyingi kupita kiasi. Kwa wajawazito, inayotosha ni 150 hadi 249. Usitafsiri namba ya mtu mmoja kwa vigezo hivi, na usiandike kwenye karatasi yake kwamba «ana upungufu». Atakwenda kununua matone ya iodini sokoni, na iodini ya ghafla kwa mtu aliyezoea kidogo, hasa mzee mwenye rovu yenye vinundu, inaweza kuwasha tezi hadi moyo ukakimbia ovyo.

Homoni za damu kwa LC-MS/MS

Ukipata mashine hii, anza na T4 na T3 za jumla. Tumia seramu, mikrolita 100. Tia mikrolita 20 za T4 na T3 zenye kaboni-13 (kaboni nzito) sita kila moja, ndizo viwango vya ndani, changanya, acha dakika 45. Usifupishe muda huu: zaidi ya asilimia 99 ya T4 imeshikwa na protini, na kiwango cha ndani lazima kipate nafasi ya kushikwa vilevile kabla ya kuzivunja. Ongeza mikrolita 300 za asetonitrili yenye asidi fomiki asilimia 0.1, tikisa kwa nguvu dakika moja, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa g 10,000. Kausha maji ya juu kwa naitrojeni kwenye nyuzi 40, yeyusha tena katika mikrolita 100 za methanoli ya asilimia 30 yenye asidi fomiki.

Kolamu ya C18 ya milimita 100 kwa 2.1, mtiririko mililita 0.3 kwa dakika, methanoli kutoka asilimia 30 hadi 95 ndani ya dakika nane. Fuatilia T4 kutoka masi 777.7 (kabla ya kuvunjwa na mashine) kwenda 731.6 (kipande kinachobaki) na T3 kutoka 651.8 kwenda 605.7, viwango vya ndani huanzia 783.7 na 657.8. T3 geu ina masi ileile ya T3, hivyo mashine peke yake haiwezi kuzitofautisha. Vilele vyao lazima vitengane kwenye kolamu, na mradi havijatengana huna kipimo cha T3. Mpito wa 651.8 kwenda 507.8 hukusaidia kuitambua ile geu.

Mtego mkubwa ni T4 kupoteza iodini moja mezani pako na kuwa T3. T4 ni mara hamsini hivi ya T3 katika damu, kwa hiyo hata asilimia 1 ikigeuka, T3 yako inapanda kwa nusu nzima. Pitisha T4 safi katika hatua zote, utazame mahali pa T3. Kilele kikitokea, punguza joto la kukaushia, funika tyubu dhidi ya mwanga, na uongeze asidi askobiki mwanzoni. Viwango vya T4 viyeyushe katika methanoli yenye amonia kidogo, kamwe si maji matupu: hunata ukutani mwa chupa na kila wiki vitaonekana vimepungua.

T4 huru, ile isiyoshikwa na protini, ni kazi nyingine. Hutenganishwa kwa dayalisisi (kuchuja kupitia utando) kwenye nyuzi 37 na pH 7.4 usiku kucha, na kinachobaki kupimwa ni pikomoli 10 hadi 25 kwa lita. Utando ukivuja kidogo tu, jibu huwa kubwa mno. Damu ya mgonjwa anayepewa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) usiipokee kwa kipimo hiki: heparini huachilia mafuta ambayo, ndani ya tyubu, huisukuma T4 itoke kwenye protini zake.